Eda Isiyokwisha katika Nchi ya Mabano

Palikuwa na nchi, na asiyesadiki abaki kwao. Nchi hiyo iliitwa Mabano, na Bi Mashavu binti Shaame alikwenda huko kumchukua mdogo wake. Alivyofika si kitu cha kusimulia. Njia ni njia, vumbi ni vumbi. La kusimulia ni alichokikuta.

Mdogo wake huyo aliitwa Mwanjaa. Aliolewa Mabano na mfinyanzi mmoja mpole, wakaishi kwa raha, mfinyanzi akafa, Mwanjaa akakaa eda kama mjane yeyote. Kwao wakahesabu, wakaona eda imekwisha, wakangoja. Ukapita mwaka, ukaanza mwingine, Mwanjaa haonekani. Ndugu wakasema labda kapata bwana mpya. Bi Mashavu akasema, “Mwanjaa akipata bwana atanitangazia hata akiwa chini ya kisima. Huyu kafungiwa.” Akajifunga kibwebwe, akaondoka.

Jambo la kwanza aliloliona huko ni mikono. Mtu wa Mabano hasemi neno mpaka ainue kiganja cha kushoto na kukikunja kidogo, kama anayeshika upande mmoja wa chungu, na neno lake halihesabiwi kuwa limekwisha mpaka alete na cha kulia upande wa pili. Akitaka kuingiza jambo ndani ya jambo, hufungua tena, na kila alichokifungua sharti akifunge. Kabla hajafunga chote hajibiwi, hata kama nyumba inaungua.

Tena hutanguliza kitendo. Sisi husema mama anapika wali. Wao husema pika, kwanza, kisha ndiyo hutaja nani na nini. Ndiyo maana ukisema “piga” katika soko la Mabano watu wote hutawanyika, halafu hurudi pole pole kusikiliza kama ni ngoma.

Kwenye lango la nje la mtaa wa mfinyanzi alikaa bawabu mzee aitwaye Kitwana, mwenye kipande cha chaki sikioni. Karibu naye alisimama mtu ameinamisha kichwa, sikio mbele, buibui kamfumia utando kutoka begani hadi ukutani.

“Huyu ana nini?” Bi Mashavu akauliza.

“Alikuwa akiambiwa jambo na mkwewe,” Kitwana akajibu. “Mkwewe akafungua mara saba, akafunga mara sita, akafa.”

“Sasa?”

“Anangoja ya saba.”

Bi Mashavu akamtazama yule mtu, akainua kiganja chake cha kulia, akakishusha mbele ya pua yake. Mtu yule akashusha pumzi. “Aa, kumbe ndivyo!” akasema, akajipangusa utando, akaenda zake.

Kitwana akashika kichwa. “Mama, umefunga bano la marehemu!”

“Ungependa nimfufue alifunge mwenyewe?”

Hilo halikuwa na kifungu katika sheria, kwa hiyo Kitwana akaliacha. Kuanzia hapa na sisi tutaiacha mikono yao, na maneno yao tutayapanga kama tunavyosema kwetu, maana tukiandika kila kiganja wino utatuishia kabla Mwanjaa hajatoka.

Nyumba za Mabano hujengwa ua ndani ya ua ndani ya ua, kila ua na lango lake. Shughuli zote huanzia ndani. Chakula kikipikwa, huanza kula aliye ndani kabisa; akimaliza, sahani husogea kwa anayefuata, na mgeni aliye langoni hupata ukoko na habari ya jinsi wali ulivyokuwa mtamu. Wanajivunia sana desturi hiyo. Wanasema huwezi kujua la nje kabla hujalimaliza la ndani.

“Nimemjia Mwanjaa, mjane wa mfinyanzi,” Bi Mashavu akasema.

“Yuko ua wa ndani kabisa. Malango yamefungwa mpaka ifike tarehe yake ya kutoka.”

“Na tarehe yake ni ipi?”

Kitwana akamwonyesha lango la mfinyanzi. Juu ya ubao palikuwa pameandikwa kwa chaki: 3/4, saa 3. Basi. Chini ya hapo palikuwa na mchoro wa kuku, lakini huo, Kitwana alieleza, ni wa watoto wa jirani na haukuwa sehemu ya tarehe, ingawa nao ulishajadiliwa.

“Mbona ni rahisi? Tarehe tatu mwezi wa nne, asubuhi jua likishapanda.”

“Ukisoma hivyo wewe ni wa Siku-Mbele,” Kitwana akasema, akitazama nyuma. “Wa Mwezi-Mbele husoma tarehe nne mwezi wa tatu. Na hiyo saa, wako wanaoihesabu tangu jua kuchomoza, na wako wanaoihesabu tangu usiku wa manane.”

“Kuna watu wanaoanza kuhesabu siku wakiwa wamelala?”

“Ndio wenye vyeo.”

Kitwana akamweleza mambo yalivyokwenda. Lango la mjane halifunguliwi mpaka pande zote mbili zikubaliane kwamba siku imefika. Ilipofika tarehe nne ya mwezi wa tatu, wa Siku-Mbele walisema bado, ni mwezi ujao. Ilipofika tarehe tatu ya mwezi wa nne, wa Mwezi-Mbele walisema imeshapita. Na kwa kuwa aliyeandika hakutaja mwaka, sheria inasema tarehe isiyo na mwaka hupewa mwaka unaokuja, kwa sababu unaokuja una nafasi. Basi ikasukumwa mwakani. Mwaka huo ulipofika, ikawa vile vile.

“Na huyo mjinga aliyeandika bila mwaka ni nani?”

“Ni mimi,” Kitwana akasema.

Bi Mashavu akamtazama kuanzia kofia hadi kandambili. “Kwa nini hukuandika mwaka?”

“Mwaka wenyewe ulikuwapo, mama. Kila mtu alikuwa anauona.”

“Na ulikusudia siku gani?”

“Tarehe tatu mwezi wa nne, asubuhi.”

“Ala! Basi si uende ukawaambie!”

“Sijaulizwa. Tena nikisema, litakuwa neno la mdomo, nalo sharti liandikwe. Na likishaandikwa, sharti lichambuliwe.”

Bi Mashavu akaenda ukutani, akaweka mikono mdomoni, akaita. “Mwanjaa wee! U mzima?”

Kutoka mbali ndani ikaja sauti, nyembamba lakini ileile. “Mzima, dada! Shikamoo! Umeniletea ugoro?”

“Marahaba! Nimekuletea mimi mwenyewe, hutosheki?”

“Natosheka! Nimenenepa, dada, chakula chote kinaanzia kwangu!” Kisha sauti ikasema, chini zaidi, “Lakini hawanitaji. Tangu wamzike mume wangu sijasikia mtu akinitaja. Na Mfagiaji yu karibu.”

Bi Mashavu akageuka. “Mfagiaji ni nani?”

Kitwana alijibu akiitazama chaki yake. Katika Mabano, alisema, mtu hukaa kwa kutajwa. Maadamu yuko mwenyeji mmoja anayelitaja jina lako, una mahali pako. Mume humtaja mke, mama humtaja mwana, mdai humtaja mdeni, na ndiyo maana wadeni wa nchi hiyo huishi miaka mingi. Lakini asiyetajwa na yeyote huhesabiwa hana kazi. Kila baada ya miaka michache Mfagiaji hupita na fagio lake, akitega sikio kila nyumba, na asiyetajwa humkusanya. Anampeleka wapi? Hapana ajuaye, kwa sababu wakishapelekwa hawatajwi.

“Mimi namtaja. Mwanjaa! Mwanjaa! Haya.”

“Wewe mgeni. Haihesabiki.”

“Mtaje wewe.”

“Mimi ni bawabu. Kazi yangu ni kutaja malango.”

“Huyo mtu wa fagio anapita lini?”

“Kesho alasiri,” Kitwana akasema, na siku hiyo, kwa ajabu, pande zote mbili ziliikubali.

Kesho yake asubuhi Bi Mashavu akapiga hodi Ofisi ya Siku, iliyotazamana na mtaa wa mfinyanzi. Aliwakuta wakuu wawili wamekaa juu ya mikeka, kila mmoja na ungo mapajani. Wa kulia alikuwa Mzee Ngwali, kiongozi wa Siku-Mbele, mwenye kofia ndefu. Wa kushoto alikuwa Bwana Makungu wa Mwezi-Mbele, mwenye tumbo na subira. Kaumu zao hazioani, kwa sababu hazijawahi kuafikiana siku ya harusi. Nyuma kabisa, karibu na mtungi, alikaa mtu mmoja wa kikundi kidogo kiitwacho Mwaka-Mbele. Hao huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na inasemekana hawajapata kukosea. Hawaalikwi popote, kwa sababu hufika kwa wakati.

Kazi ya ofisi ni kuchambua tarehe. Tarehe humwagwa ungoni kama mchele, ikapepetwa. Mikwaju, ile mistari ya mshazari, na mikato huanguka chini, namba zikabaki, wakazichambua moja moja: hii siku, hii mwezi, hili jiwe. Bi Mashavu amechambua mchele maisha yake yote, kwa hiyo alikaa akitazama kwa heshima. Alichoshindwa kukielewa ni wingi wa nyungo. Zilitundikwa ukutani mpaka darini, hakuna uliofanana na mwenzake.

“Hizi zote za nini, baba?”

“Kila mchambuzi husuka wake,” Mzee Ngwali akasema. “Kijana akiingia kazini, kwanza asuke ungo. Akiumaliza, tunamfanyia sherehe, anastaafu.”

“Kwa nini asitumie wa jirani?”

Bwana Makungu akacheka kwa huruma. “Wa jirani! Wa Ngwali huo, mama, ukiutikisa unaangusha saa.”

“Wako unameza wikendi nzima,” Ngwali akasema. “Nani aliyetia Jumamosi ya mkwe wangu ikatoka Jumanne?”

“Mkweo mwenyewe aliandika kama kuku anayechakura!”

“Na ule mkuukuu uliotundikwa juu yako je?” Bi Mashavu akauliza.

“Marehemu baba aliusuka kwa tarehe zake,” Makungu akasema, akapangusa jicho. “Tarehe za siku hizi zinapita katikati.”

Walimweleza pia kwamba tarehe ikishakubaliwa haibaki na sura yake. Hugeuzwa kuwa namba moja ndefu, yaani hesabu ya kupepesa jicho tangu nchi ya Mabano ianzishwe, kwa kuwa namba moja haina mbele wala nyuma na watu hawawezi kuigombania. Ila hapana mtu anayeweza kutambua namba hiyo ni siku gani. Basi huandikwa upya kwa maneno, ili watu waielewe, na kwa kuwa sasa ni maneno, huletwa ofisini kuchambuliwa.

Bi Mashavu akaeleza shida yake. Akaieleza vizuri, kwa adabu, akitaja jina la Mwanjaa kila alipopata upenyo. Wakuu walisikiliza, wakaanza kujadiliana. Walijadiliana kuhusu mkwaju ulio kati ya tatu na nne, kama umelala au umesimama. Walijadiliana kuhusu saa. Bwana Makungu alikumbusha kwamba mtaa wa mfinyanzi uko magharibi, na mtaa wa magharibi ulirudishwa nyuma saa moja kwa amri, jua likakataa, suala bado liko mahakamani. Mtu wa Mwaka-Mbele alisema kitu karibu na mtungi, akaambiwa anyamaze. Katika yote hayo Bi Mashavu alitega sikio lake kama Mfagiaji mwenyewe. Walisema tarehe. Walisema lango, mkwaju, chaki, kuku. Hakuna aliyesema Mwanjaa.

Jua likapanda, likawa kali. Wakuu wakaanza kupiga miayo, kwa sababu ofisi iko ua wa nje na chakula kilikuwa bado kiko ndani. Ndipo akaingia muuza mikeka, mwenye haraka, na kibao mkononi. Alitaka kujua siku ya gulio. Mzee Ngwali akakitazama kile kibao kama mtu aliyeonyeshwa mlima.

“Mpeleke kwa Msomaji,” akasema.

“Ni marufuku,” akasema Makungu.

“Kabisa. Mpeleke.”

Msomaji alikaa kibandani, uani mwa ofisi: mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Hakuwa na jina, asije siku moja akalisoma akajifanyia jambo. Maana hiyo ndiyo desturi kuu ya Mabano, na mgeni asiyeijua haijui nchi: kwa Msomaji, kusoma na kutenda ni kitu kimoja. Maneno yakija yamefunikwa kitambaa, huyatamka tu, yakabaki maneno. Yakija wazi, anachokisoma hutendeka pale pale. Tarehe zote kwa sheria huja zimefunikwa, na ndiyo maana huhitaji watu na nyungo. Lakini njia ya mkato ni kufunua kitambaa na kumpa asome. Namba yeye huzijua tangu tumboni. Njia hiyo imekatazwa kwa maandishi makubwa ukutani, na hutumika kila alasiri.

Muuza mikeka akafunua kibao chake. Msomaji akasoma siku, akasoma mwezi, akafika mwisho, mahali ambapo mke wa muuza mikeka, aliyechoka na safari za mumewe ofisini, alikuwa ameongeza maneno yake mawili ndani ya mabano.

“Kohoeni, wote,” akasoma Msomaji.

Ofisi nzima ikakohoa. Mzee Ngwali alikohoa mpaka kofia ikaanguka ungoni. Makungu alikohoa akishikilia tumbo. Bi Mashavu alikohoa pia, akiwa hana kikohozi wala mafua, na katikati ya kukohoa akajisikia furaha ndogo ikimtambaa mgongoni. Kisha wote wakanyamaza.

“Vumbi,” Mzee Ngwali akasema, akavaa kofia.

“Vumbi,” Makungu akakubali. Hakuna aliyeomba kukiona kibao. Kuona ni kusoma, na kusoma si kazi yao.

Bi Mashavu akajisogeza mkekani kama paka aliyeona jiko halina mtu.

“Wanangu,” akasema, “mimi nimesoma darasa la nne tu, na mwalimu alikuwa mgonjwa. Nawasikiliza tangu asubuhi. Wewe Mzee Ngwali una haki. Na wewe Bwana Makungu, una haki vile vile. Mnavyoumia hivi kwa ajili ya chaki mbili za langoni, na njaa hii, mimi kama mama naona uchungu. Kwa nini asisome Msomaji, nyinyi mpumzike?”

“Ni marufuku,” akasema Ngwali.

“Marufuku kabisa,” akasema Makungu.

Wakakaa.

“Chakula kimefika wapi?” Ngwali akauliza.

“Ua wa tatu.”

“Wa tatu kutoka ndani au kutoka nje?”

“Kutoka ndani.”

Wakakaa tena.

“Kwa leo tu,” akasema Makungu.

Kwa sheria, anayenakili tarehe kutoka langoni ni jamaa wa mjane. Bi Mashavu akaenda langoni na kibao, akaomba chaki. Kitwana akaitoa sikioni. Bi Mashavu akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la nne, mkubwa, wa kupanda mlima: 3/4, saa 3. Kisha akatazama huku na huko, akafungua bano, akaandika maneno mawili, akafunga. Kitwana alisimama nyuma ya bega lake. Akasoma. Akamtazama Bi Mashavu. Akaichukua chaki yake, akairudisha sikioni.

“Huna la kusema?” Bi Mashavu akamwuliza.

“Sijaulizwa,” Kitwana akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, meno yote matatu.

Huko ofisini kibao kilipitia kwanza kwa mhesabu, kijeba mmoja mwenye fimbo. “Limefunguliwa moja, limefungwa moja,” akasema. “Safi.” Kilichokuwa kati ya kufungua na kufunga hakukitazama. Mzee Ngwali akakipokea kwa macho yaliyofumbwa, akampa Makungu. Makungu akanusa upepo wa chakula, akampa Msomaji.

Saa hiyo hiyo Mfagiaji aliingia mtaani. Bi Mashavu alimwona kupitia mlangoni: mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu, na fagio la njukuti safi begani. Alisimama mlango wa kwanza, akatega sikio, akasikia mama akimgombeza mwanawe kwa jina, akatikisa kichwa, akaenda wa pili. Nyumba ya mfinyanzi ilikuwa ya nne.

Msomaji akasafisha koo. Akasoma tatu. Akasoma nne. Akasoma saa, taratibu, kwa sauti yake ya asali, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Bi Mashavu akajiuma ulimi. Mfagiaji alikuwa mlango wa tatu.

“Toka, Mwanjaa,” Msomaji akasoma.

Komeo likalia mbali, ndani kabisa. Likafuata la pili. Likafuata la tatu, karibu zaidi, na baada ya hapo yakawa yanafunguka yenyewe, ua baada ya ua, mpaka lango lenye chaki likatupwa wazi, na Mwanjaa akatokea katika nguo zake nyeupe za eda, sahani mkononi, bado anatafuna. Bi Mashavu alikuwa ameshatoka ofisini mbio kumlaki.

“Dada,” akasema.

“Meza, tuondoke.”

Lakini Mfagiaji alikuwa ameshafika. Alisimama mbele yao, akainama kwa heshima, akatega sikio. Mtaa ulikuwa kimya. Bi Mashavu akamshika mdogo wake mkono kwa nguvu. Mfagiaji akashusha fagio begani.

Ndani ya ofisi Bwana Makungu akauliza swali ambalo huulizwa Mabano baada ya kila jambo, kwa kuwa huko hakuna kinachokwisha bila kurudisha kitu. “Imerudisha nini?”

“Mwanjaa,” akasema Msomaji.

“Andika,” Mzee Ngwali akamwambia mhesabu. “Tarehe ya lango la mfinyanzi ni Mwanjaa.”

“Mwanjaa siku mbele, au Mwanjaa mwezi mbele?” Makungu akadakia.

“Mwanjaa siku mbele! Ulishaona wapi Mwanjaa mwezi mbele?”

“Mwanjaa kwa kawaida huwa mwezi mbele, Ngwali, muulize yeyote!”

“Mwanjaa wa asubuhi au Mwanjaa wa usiku wa manane?”

Zile kelele zikatoka dirishani, Mwanjaa huku, Mwanjaa kule. Watu wakatoka majumbani kuuliza Mwanjaa ni lini, wengine wakajibu Mwanjaa ni Ijumaa, wengine wakaapa kwamba Mwanjaa mwaka huu haipo. Mfagiaji alisikiliza muda mrefu. Hajapata katika utumishi wake kusikia mtu akitajwa hivyo. Akainua tena fagio begani, akawapisha njia, na walipompita akagusa kofia.

Wakarudi kwao. Mwanjaa akaogeshwa, akavishwa kanga mpya, akapewa ugoro wake, akasema ukoko una ladha nzuri kuliko alivyodhani.

Baada ya msimu mmoja alipita muuza vyungu kutoka Mabano. Walimkaribisha uji, wakamwuliza habari za huko. Alisema ni njema, isipokuwa mambo yamesimama kidogo. Ofisi ya Siku, baada ya kujadiliana sana, iliafiki kwamba tarehe hiyo mpya ni nzuri kuliko zote, kwa kuwa haina mkwaju, ikaamuru itumike kila mahali. Sasa kila shughuli ya nchi imeandikwa siku ya Mwanjaa, na watu wanaingoja.

“Wacha wangoje,” Mwanjaa akasema, akimenya mhogo. “Mimi nilingoja.”

“Hata harusi,” akasema muuza vyungu. “Yuko binti wa Bwana Makungu, ameposwa na mjukuu wa Mzee Ngwali. Ndiyo mara ya kwanza kaumu hizo mbili kuafikiana siku. Wamemweka ndani, wamempaka hina, imefifia, wamempaka tena. Kila asubuhi anauliza kama ni leo.”

Kisu cha Mwanjaa kikasimama.

“Amewekwa ua wa wapi?”

“Wa ndani kabisa.”

Mwanjaa akauweka mhogo chini. Akaenda kwenye kamba, akatwaa kanga yake, akajitanda. Bi Mashavu akamtazama, akaanza kutafuta viatu vyake.

“Ngoja kwanza,” Mwanjaa akamgeukia muuza vyungu. “Na yule bwana wa fagio, zamu yake ijayo wameiandika lini?”

“Naye wamemwandikia Mwanjaa. Amekaa langoni anangoja, fagio magotini.”

“Hee,” akasema Mwanjaa. Akafikiri kidogo, akavuta kanga mpaka usoni, likabaki jicho moja.

“Basi, dada,” akasema, “tutapitia mlango wa uani. Bibi harusi anione, ajue siku imefika, aolewe. Yule wa langoni asinione kabisa.”